Rubani, Daktari na Neno Nililolibadilisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa sentensi. Nilikuwa nimeijenga asubuhi nzima, sentensi yenye milango na madirisha, kama tulivyofundishwa chuoni Dar es Salaam. Gunilla, mkuu wa chumba chetu, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, aliitazama kwenye skrini, akahesabu herufi kwa ncha ya kalamu, kisha akafuta nusu yake.

"Mtu huyu anasema kwa sekunde mbili," aliniambia kwa Kiswidi. "Wewe umemwandikia sekunde tano. Watazamaji wako watakuwa bado wanasoma wakati yeye ameshakufa."

Nikatazama picha. Kweli, mtu yule alikuwa ameshakufa.

Naanza hapo kwa sababu ninyi mnaobaki mliniomba, kwenye kahawa ya kuniaga, niwaandikie mambo ya zamani. Vyeo sitavieleza: nilianza nikiwa mtafsiri wa manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, na nimeondoka nikiwa hivyo hivyo, macho yakiwa yamestaafu kabla yangu. Mshahara mnaujua, maana ndio huo wenu. Nitaandika juu ya kazi yenyewe na, zaidi ya yote, juu ya neno moja. Neno hilo hunijia hata sasa nikiwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Stockholm, kule Bredäng, nguo mbichi mikononi, nikasimama kama mgeni nisiyejua mashine yangu ni ipi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na kanda za video zilizofika ndani ya mabahasha manene, vipokea sauti vya masikioni vilivyobana kama kofia ya mtoto, na pedali ya mguuni ya kusimamisha na kurudisha picha. Mguu wangu wa kulia bado unaikumbuka pedali ile. Mtu akisema jambo nisilolisikia vizuri, kisigino hukandamiza sakafu chenyewe. Sheria zilikuwa fupi pia. Mistari miwili, si zaidi. Herufi arobaini kwa mstari, hivi au chini yake. Maandishi yasiingie kabla ya sauti, yasibaki baada ya picha kubadilika. Na ile kubwa ya Gunilla: mtazamaji akigundua kwamba anasoma, umeshindwa.

Aliyenifunza Kiswahili cha kazi hii ni Bwana Mbaruku, Mmombasa aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio na aliyekuwa na sauti ya mtu anayetangaza msiba hata anapoomba sukari. Yeye ndiye aliyeleta desturi ya kiti. Mnaokaa chumba kile mnakijua: kando ya kila meza ya Kiswahili kuna kiti cha pili ambacho hakikaliwi. Mgeni hudhani ni uhaba wa nafasi ya kuweka makoti. Bwana Mbaruku alinionyesha changu siku ya tatu.

"Hapa ataketi msomaji wako," alisema. "Mmoja tu. Mwenye jina. Si 'watazamaji', hao hawapo. Ukishamchagua, usiandike mstari hata mmoja bila kumwangalia usoni. Wangu ni jirani yangu wa Majengo, fundi cherehani, mkali huyo! Nikiandika upuuzi, aninyanyukia."

Mimi nilimchagua shangazi yangu Anastazia wa Bukoba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwanamke wa kanisa, wa maneno machache, asiyecheka ovyo. Kwa miaka mingi niliandika huku nikimwona ameketi pale, mikono mapajani, akisoma. Kwa miaka mingi nilijivunia hilo. Jambo ambalo sikulifikiria, na ambalo leo linanitia aibu kuliandika, ni kwamba shangazi Anastazia hakuwahi kumiliki televisheni.

Tamthilia iliyokula nusu ya maisha yangu ya kazi mnaijua: Msafara wa Orima. Ilizungumzwa Kiingereza, na ilikuwa ya zamani hata kabla sijaajiriwa. Ilikuwa na mama, watoto na wajukuu. Msafara mmoja wa vyombo vya anga ukizaa mwingine, nahodha mmoja akistaafu na mwingine kuingia, miongo na miongo. Ilirushwa kwa setilaiti Afrika Mashariki, na ilipokelewa pia na watu wetu hapa waliofunga madishi kwenye roshani zao za vitongoji vya Tumba na Fisksätra, jambo ambalo vyama vya wapangaji havikulipenda.

Mtu anayeandika manukuu huijua tamthilia kama fundi bomba anavyoijua nyumba. Kwa hiyo niliona mapema jambo ambalo watazamaji wengi waliliona kwa mbali. Katika msafara ule kulikuwa na viumbe wenye damu ya kijani, mashine zenye huzuni, miji ndani ya nyota; lakini mwanamume anayempenda mwanamume, au mwanamke anayempenda mwanamke, hakuwapo. Au alikuwapo kwa mtazamo tu. Maafisa wawili walitazamana kidogo kupita kiasi kwenye lango la chombo, basi. Mtazamo hautafsiriwi. Mguu wangu haukugusa pedali.

Baadaye walianza kuja, lakini kama wageni wa kupita. Alikuja kiumbe wa sayari isiyo na wake wala waume, akampenda afisa mmoja kwa dakika arobaini, akafa. Akaja mwanasayansi aliyemtaja mpenzi wake wa kike katika sentensi moja. Kipindi kilichofuata alilipukiwa na maabara. Nilifikia kiwango cha kutazama saa kila nilipoona wawili wa namna hiyo wakishikana mikono, nikikadiria dakika walizobakiwa nazo. Bwana Mbaruku aliita hali hiyo "ratiba ya mazishi". Tulicheka. Sikujiuliza ni nani, mahali fulani, anayetazama ratiba hiyo bila kucheka.

Kisha wakaja Odrun na Selmi.

Odrun alikuwa rubani, mwanamke mpana, mwenye hasira za karibu. Selmi alikuwa daktari wa chombo, mpole, msahaulifu wa kila kitu isipokuwa majina ya wagonjwa. Msimu wa kwanza walikuwa majirani wa vyumba. Msimu wa pili, kipindi cha tisa, Selmi anaambukizwa ugonjwa na kufungiwa nyuma ya mlango wa karantini. Odrun anafika mbio, mafuta ya injini mikononi. Mlinzi anamzuia: ndugu wa karibu tu ndio wanaoruhusiwa. Anamuuliza, wewe ni nani wake? Na Odrun, ambaye kwa vipindi ishirini na kitu hajawahi kusema jambo lolote kwa utulivu, anasema kwa utulivu: ni mke wangu, nifungulie.

Nilikanyaga pedali. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nilishtuka kana kwamba mtu amefungua mlango wa bafu nikiwa ndani. Si kwamba sikujua watu hao wapo; nilikuwa nimeishi Stockholm miaka mingi, jirani zangu wa ghorofa ya chini walikuwa wanaume wawili walioniazima ngazi. Lakini walikuwa jirani kwa Kiswidi. Kwa Kiswahili, kwenye skrini, mikononi mwangu, hawakuwa wamewahi kufika. Nikageuka kutazama kiti. Shangazi Anastazia alikuwa akinisubiri, mikono mapajani.

Nikaandika: "Ni dada yangu. Nifungulie."

Bwana Mbaruku alikuwa katika wiki zake za mwisho kabla ya kustaafu. Alipita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama.

"Hebu niambie, bibiye. Huyo amesema dada?"

"Hakusema dada."

"Amesema nini?"

"Unajua alichosema, Bwana Mbaruku. Shangazi yangu hawezi kulisoma hilo."

"Alikwambia hawezi?"

"Namjua."

Alikunywa kahawa polepole. "Mimi naondoka mwisho wa mwezi," alisema. "Lakini nikuulize. Hawa hawajafa. Nimetazama, dakika zimekwisha na wote wazima. Huyo dada wako utamlea misimu mingapi?"

Nilimlea mitano.

Mnaoanza kazi hii mnafikiri kosa ni jambo la siku moja. Kosa la aina hii ni ajira. Odrun na Selmi hawakufa. Hilo lenyewe lilinishtua kila mwaka. Walizeeka. Waligombana kuhusu nani amesahau kusafisha kichujio cha maji. Waliposherehekea miaka mitano ya ndoa, niliandika kwamba wanasherehekea miaka mitano ya kuhamia chomboni. Walipomchukua mtoto yatima wa sayari iliyoungua na kusema "mtoto wetu", niliandika "mpwa wangu", na kipindi kilichofuata ikanibidi nieleze yule mpwa ni wa dada yupi wa tatu. Nilimbuni. Nilimpa jina. Alifia vitani, nje ya picha, kwa herufi thelathini na nane.

Msimu wa nne walibusiana. Busu halina maneno, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Wiki tatu baadaye Gunilla aliniletea barua ya mtazamaji wa Mwanza na kuniuliza inasemaje. Naikumbuka karibu yote: "Sisi ni familia ya watu sita. Tumewafuata hawa dada wawili tangu mwanzo na tunawapenda. Juzi tuliona walivyobusiana na watoto wakauliza maswali. Tunaomba kujua kwa heshima, je, huko walikotoka ni desturi ya ndugu wa tumbo moja?"

Nilimwambia Gunilla kwamba mtazamaji hakuelewa jambo fulani. Kisha nikaketi na kumjibu yule baba kwa adabu zote: ndiyo, ni desturi ya sayari yao. Niliitungia sayari nzima mila, na mila yenyewe mbaya, ili nisirudishe neno moja mahali pake. Nilifunga bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe.

Mngeniuliza wakati huo, ningewaambia ni sheria ya kampuni. Niliamini hivyo. Nilikuwa na hakika kwamba kuna ukurasa fulani unaosema masoko yetu hayaruhusu. Wakati mwingine, nikiwa na wafanyakazi wapya, niliutaja ukurasa huo kwa sauti ya mtu aliyeusoma.

Ornella aliajiriwa mwaka wangu wa mwisho. Wengi wenu mnakaa naye meza moja, na ameniruhusu kuandika haya; amesoma kila aya na amefuta mbili. Wazazi wake ni Warundi, yeye amekulia hapa, Kiswahili amekipata kwa mama yake na kwenye kwaya. Kazi aliyopewa ilikuwa kupitia manukuu ya misimu ya zamani ya Orima, kwa kuwa tamthilia nzima ilikuwa ikirudishwa hewani upya. Nilimkaribisha vizuri. Nilimwonyesha kiti chake nikamwambia achague msomaji. Alisema tayari anaye.

Wiki ya pili alikuja mezani kwangu. Hakuwa na karatasi mkononi.

"Bi Leokadia, una dakika?"

"Hata tano."

"Msimu wa pili, kipindi cha tisa. Mlango wa karantini. Rubani anasema mke. Hapa imeandikwa dada. Ni kosa au ni wewe?"

Katika kazi yetu swali hilo huulizwa kila siku, na jibu huwa jepesi. "Ni mimi," nilisema.

"Nilikuwa naomba liwe kosa."

Nikaanza kumweleza habari za masoko, za heshima, za ukurasa ule. Alinisikiliza hadi mwisho, kama wanavyosikiliza watoto wetu waliokulia hapa, bila kukatiza na bila kusaidia.

"Naweza kukuhadithia kitu?" aliuliza. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kipindi kile nilikuwa nimeshakiona kwa Kiswidi, kwa rafiki yangu. Nilijua ni dakika ya thelathini na moja. Mama alikuwa anawapenda Odrun na Selmi kuliko pasta wake. Na mimi nilikuwa na jambo langu la kumwambia, ambalo kwa Kirundi sikuweza, kwa Kiswahili sikuweza, na kwa Kiswidi angeniambia niache mambo ya shule. Nikasema, basi, asome. Alisome kwa watu anaowapenda tayari. Nitamtazama usoni. Kama uso utakuwa sawa, nitasema: mama, na mimi."

Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Nikapika chai. Nikakaa naye. Dakika ikafika. Akasoma. Akaweka mkono kifuani, akalia, Bi Leokadia, akalia machozi. Nikasema, leo ndiyo leo. Akageuka akaniambia, uone vile dada wanapendana. Mpigie dada yako simu."

"Ukafanya nini?"

"Nikampigia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuuliza kama huko Malmö mvua inanyesha."

Nilisimama ili niondoke. Badala yake nilijikuta nimeketi, na sikuketi kwenye kiti changu. Niliketi kwenye kile cha pili, ambacho kwa miaka yote sikuwa nimeweka hata mkoba juu yake. Ornella alibaki amesimama. Nilimuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza ofisini: kama baadaye alimwambia mama yake.

"Miaka kumi na moja sasa," alisema. "Bado."

Jioni ile nilichukua mwongozo wa kampuni nikausoma ukurasa kwa ukurasa, pamoja na viambatisho na matoleo ya zamani. Kulikuwa na kanuni za nukta, za herufi kubwa, za namna ya kuandika vicheko. Ukurasa niliokuwa nikiutaja haukuwapo. Haukuwahi kuwapo. Asubuhi nilimpigia Gunilla, ambaye siku hizi amestaafu na anapanda maua Fisksätra, nikamuuliza ni nani aliyetukataza.

"Kuwakataza nini?" alisema.

Nikamweleza.

"Leokadia, sisi tulidhani umeandika walichosema."

Mshtuko ule sijaumaliza. Ningeweza kuvumilia kuwa mtumishi wa amri mbaya. Wasomi wengi tumejifunza kuishi na hilo. Sikuwa tayari kugundua kwamba amri niliitoa mwenyewe, nikaitii mwenyewe, na kuwarithisha wengine. Wala siwezi kusingizia nafasi. Nimehesabu: "dada yangu" ina herufi moja zaidi ya "mke wangu".

Miezi mitatu iliyobaki niliitumia kuyarudisha maneno mahali pake. Nilianza na mlango wa karantini. Kisha ndoa ya miaka mitano, kisha mtoto wao, ambaye ilinibidi nimwondolee mama marehemu niliyembuni. Nilimwandikia yule baba wa Mwanza kwa anwani ile ya zamani. Sikupata jibu, na sidhani nilistahili. Nilipomaliza msimu wa sita nilimkabidhi Ornella. Alisoma siku nne.

"Sasa ni yeye tu," alisema.

"Nani?"

"Mama. Nataka akione kipindi kile upya. Lakini anajua ninafanya kazi hapa. Atasema nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, ili nimdanganye." Akatazama sakafu. "Lazima uwepo. Lazima wewe ndiye useme."

Kwa hiyo Jumamosi moja mchana, nikiwa nimestaafu siku nane, nilishuka kwenye treni Tumba nikiwa na keki ya dukani. Mama Ornella alitufungulia mlango akiwa bado na fulana ya kazi. Huwahudumia wazee majumbani, na alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Kiswahili chake ni cha Buyenzi, Bujumbura, kilichopitia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako ndiko alikojifunza kusoma.

"Karibu mama, karibu sana. Ornella anasema wewe ni mkubwa wake kule kazini."

"Nimeshaondoka kazini, dada. Mimi ndiye niliyekuwa naandika yale maneno ya chini. Ya Odrun na Selmi."

Alipiga makofi. "Ni wewe! Miaka yote nasoma mkono wako, kumbe ni mtu, ana koti!" Akanishika mikono yote miwili. "Wale dada wamenifunza sana. Nilikuwa nawaambia hawa wanangu, muwe vile. Ornella, si nilikuwa nasema?"

Ornella alijibu kwa Kiswidi kutoka jikoni kwamba ndiyo, alikuwa anasema.

Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kukutana na msomaji. Nilikuwa nimemtengenezea uso, nimemkalisha kitini, nimemwogopa. Sasa alikuwa mbele yangu, akinishukuru kwa ule uongo wenyewe. Tuliketi. Sofa yake ina vitambaa vya kufuma, na nilitambua mara moja ni wapi kila mtu huketi: yeye upande wa dirisha, binti upande wa mlango, mto wa bluu katikati. Bwana Mbaruku, Mungu amrehemu, alitufundisha kuweka kiti kimoja. Hakutuambia kwamba watu hawa hutazama wawili wawili.

Tulitazama. Nilijifunza mambo ya kazi yangu nikiwa nimeshaiacha: kwamba husoma akitikisa midomo, kwamba mstari wa pili humchukua muda kidogo zaidi kuliko tulivyokadiria, kwamba akipenda sentensi huirudia kwa sauti ya chini. Dakika ya thelathini na moja ikafika. Odrun akaja mbio na mafuta yake mikononi. Wewe ni nani wake?

Midomo ya Mama Ornella ilitikisika, ikasimama. Alichukua rimoti akarudisha nyuma. Akasoma tena. Akasimamisha picha.

"Si ilikuwa dada?"

"Ilikuwa dada," nilisema.

"Wamebadilisha?"

"Hawakubadilisha. Odrun alisema mke tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeandika dada."

"Ulikosea."

Alikuwa ananipa njia ya kutokea, kwa wema, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti. Ornella hakunitazama.

"Sikukosea. Nilijua. Nilifikiri mama kama wewe hawezi kulisoma."

"Mama kama mimi," alirudia. Aliweka rimoti juu ya goti. "Mimi, mama, nilisomea karatasi ya kifo cha mume wangu kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani, na nikafika bombani. Neno gani nisiloweza kusoma mimi?"

Kwenye skrini Odrun alikuwa amesimama mdomo wazi, na chini yake mistari yangu miwili.

Kisha alimgeukia binti yake, taratibu, kama mtu anayegeuza kitu kilichojaa maji.

"Na wewe ulikuwa unasikia kile wanasema. Wewe husomi ya chini."

Ornella alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu siku ile. Ile umepika chai."

"Ja, mamma."

"Ukaweka vikombe viwili vile vizuri. Nikajiuliza huyu leo ana nini." Alitazama skrini, akamtazama tena. Niliuona uso wake ukirudi nyuma miaka kumi na moja, hatua kwa hatua, na kila hatua ikiuma. "Na mimi nikakuambia umpigie dada yako."

"Ndiyo, mama," alisema Ornella, kwa Kiswahili.

Nje treni ilipita kuelekea mjini. Mama Ornella aliweka kiganja kifuani, pale pale, naamini, alipokuwa amekiweka siku ile.

"Kesho sijui nitasali vipi," alisema. "Hiyo sijui. Lakini kumbe siku ile ulikaa hapa peke yako."

Aliuchukua mto wa bluu uliokuwa katikati yao, akautazama kana kwamba hajui umetoka wapi, akauweka sakafuni. Mimi nilinyanyuka polepole nikaanza kutafuta koti langu, kwa kuwa kuna mambo ambayo hayahitaji mtafsiri.

"Wewe kaa," aliniambia, bila kugeuka. "Iko misimu sita. Utanionyesha kila mahali ulipobadilisha."

Nikakaa.